Meza niliyojitengenezea imeachia kwenye maungio, nimeshatia gundi mara mbili

FundiWaJumapili

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kabla sijaigeuza hii meza kuwa kuni.

Mimi si seremala. Kazi yangu ni ya makaratasi, useremala najifunzia siku za mapumziko, na meza hii ndiyo kitu kikubwa cha kwanza nilichowahi kukimaliza. Uso wake ni mbao 6 zilizounganishwa ubavu kwa ubavu kwa gundi nyeupe ya mbao: urefu sentimita 160, upana 80, unene 2.5. Kila maungio niliyatia vijiti vitano ndani kwa sababu nilisikia vinaongeza nguvu. Nikapiga msasa, nikapaka vanishi mikono mitatu, kisha nikaufunga uso kwenye fremu kwa skrubu 12 kutokea chini. Sikutaka itikisike hata chembe.

Miezi mitano ikapita salama. Usiku mmoja tukasikia mlio sebuleni, paa! kama mtu kavunja fimbo gotini. Asubuhi nikakuta mstari mwembamba kati ya ubao wa tatu na wa nne, unaanzia kichwani mwa meza. Nikapenyeza gundi kwa sirinji, nikabana, nikafuta, nikasahau. Wiki sita baadaye ikaachia palepale, safari hii mbali zaidi. Nikarudia, gundi nyingi kuliko mwanzo, klampu nikazikaza mpaka kiganja kikatoka lengelenge.

Leo ufa umefika sentimita 45. Pale mdomoni una kama milimita 2, kadi ya benki inaingia na kucheza, na mtoto wangu wa mwisho ameshatumbukiza sarafu humo na anaidai kila siku.

Je, gundi ni mbovu? Nibadilishe aina nitie tena? Au nipige ubapa wa chuma kwa chini ukatize mbao zote sita, nizishike kwa nguvu?

vumbi_la_msasa

Mkuu usijitese. Chukua unga wa mbao ileile, changanya na gundi mpaka iwe kama uji mzito, shindilia kwenye ufa, subiri ikauke, msasa, vanishi. Nusu saa tu. Zangu zote huwa naziba hivyo na sijawahi kulalamikiwa.

Kabari

Hujalalamikiwa kwa sababu meza ukishauza huwaoni tena wenyewe. Ufa uliofunguka mara tatu unatembea, na kinachotembea hakizibiki kwa uji.

FundiWaJumapili, nijibu moja tu: hizo skrubu 12, matundu yake kwenye fremu yana nafasi ya kucheza au yamebana?

FundiWaJumapili

Yamebana kabisa mkuu. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yangu, unaweza kuinua meza nzima kwa kushika uso wake.

Kabari

Basi mtuhumiwa wa kwanza tumempata. Sema ana mwenzake, maana mbao nzima huwa inapasuka yenyewe kabla maungio mazuri hayajaachia. Ngoja mzee aje.

Mzee wa Randa

Nimekuja. Kijana, hiyo chupa ya gundi iweke kando kwanza.

Kabla ya kuuliza utie gundi gani, uliza ile ya kwanza iliachia kwa nini. Jibu limo ndani ya ufa wenyewe. Chukua tochi uchungulie. Ukiona nyuzi za mbao zimechanika upande mmoja zikabaki zimeng'ang'ania upande wa pili, ujue gundi ilishika na mbao ndiyo iliyoshindwa. Ukiona upande mmoja gundi imelala laini, inang'aa kama ukucha, na upande wa pili ni mbao tupu, gundi haikushika kitu. Ilikaa tu hapo kama mgeni.

Na hiyo mara ya pili na ya tatu ulikuwa unajichosha bure. Gundi nyeupe hushika mbao kwa kuingia kwenye vinyweleo vyake ikiwa majimaji na kukaukia humo. Ukingo uliokwisha kunywa gundi ikakauka hauna tena pa kuingilia. Kupaka gundi mpya juu ya gundi kavu ni sawa na kuipaka kwenye plastiki.

Sasa skrubu. Mbao hata ikikauka haifi. Hewa ikiwa na unyevu inaunywa na kuvimba, hewa ikikauka inautoa na kunywea, na yote hayo inayafanya kwa upana wake. Kwa urefu haibadiliki kiasi cha kukusumbua. Uso wa upana wa sentimita 80 unaweza kutembea milimita 5, hata 8, kutoka majira ya unyevu hadi ya ukavu, kutegemea mti gani na ubao ulipasuliwaje. Wewe umeupigilia skrubu 12. Ulipotaka kunywea ukakuta umefungwa kulia na kushoto, ukajirarua penye udhaifu. Ulianzia kichwani kwa sababu ncha za ubao zinatoa unyevu haraka kuliko ubavu, mara kumi na zaidi. Kichwa kimeshanywea, katikati bado. Huo ubapa wa chuma unaoutaka utafanya kosa lilelile la skrubu, tena kwa nguvu zaidi.

Lakini Kabari amesema kweli, kuna mwenzake. Kingo zako ulizitengenezaje kabla ya kugundisha? Sema ukweli, hapa hakuna anayekuchapa.

FundiWaJumapili

Shikamoo mzee. Nimechungulia. Inang'aa kama ukucha hivyohivyo ulivyosema, upande wa ubao wa tatu. Ule wa nne ni mkavu.

Ukweli ni huu. Nilipasua kwa msumeno wa umeme uliokuwa umeanza kuwa butu. Kingo zilitoka na madoa ya kahawia na harufu ya kuungua, nikazipitishia msasa kidogo madoa yapungue. Nilipozipanga, kati ya wa tatu na wa nne kulikuwa na uwazi katikati, milimita 2 hivi. Nikakaza klampu mpaka ukafunga. Nilijipongeza sana siku ile.

Mzee wa Randa

Marahaba. Umenirahisishia kazi.

Msumeno butu haukati, unasugua. Ukingo uliosuguliwa mpaka ukaungua unakuwa umezibwa juu kama umepigwa pasi. Dondoshea tone la maji kwenye mbao iliyopigwa randa kali, litazama mbele ya macho yako. Lidondoshee kwenye ukingo ulioungua, litakaa juu kama lulu. Gundi nayo ni hivyohivyo.

Na hizo milimita 2 ulizozifunga kwa klampu hazikuondoka. Zimekaa humo zinavuta tangu siku ile, usiku na mchana, zikisubiri gundi ichoke. Klampu kazi yake ni kukutanisha vitu vilivyokwisha kukubaliana. Ukiona unakaza mpaka unatoa lengelenge, rudi kwenye randa.

Dawa ni kuyakata hayo maungio yote, kutoka kichwa hadi kichwa, uanze upya na mbao mbichi. Namaanisha uso uliokatwa upya, si mbao isiyokauka. Usijaribu kuokoa ile sehemu iliyobaki imeshika. Yalifanywa siku moja na mkono uleule, yataachia tu.

Toa skrubu, laza uso kifudifudi juu ya blanketi, na hiyo sarafu itoe kabla msumeno haujapita hapo, isije ikaruka ikakutoa jicho. Tafuta ubao ulionyooka uwe mwongozo wa msumeno, tia meno makali, pasua juu ya mstari wa gundi. Vijiti vyako vitakatwa pamoja, viache. Kazi yake ilikuwa kuzuia mbao zisipishane wakati wa kubana. Nguvu havikuongeza, ubavu kwa ubavu gundi peke yake inatosha, ikishika vizuri mbao itavunjika kwanza. Utapoteza milimita 3 za msumeno na 2 za randa, hakuna mgeni atakayezipima.

Utabaki na vipande viwili vya mbao tatutatu. Hapa ndipo pa kutulia. Vikunje kama unafunga kitabu, uso kwa uso, ile mikato miwili ikae juu sambamba, vibane pamoja, uvipige randa ndefu vyote viwili kwa mkupuo mmoja. Hata mkono wako ukilalia kushoto digrii mbili, ukifungua kitabu mlalo wa huku unafidiwa na mlalo wa kule, na meza inatoka bapa. Siri hii nilikaa miaka minne nikifagia karakana ndipo nikaonyeshwa.

Acha pale randa inapotoa nywele moja nzima, yaani utepe mwembamba wa mbao, kutoka mwanzo hadi mwisho bila kukatika. Kisha simamisha kipande kimoja, pandisha cha pili juu yake, weka tochi nyuma. Mwanga ukipenya popote, bado. Halafu kishike cha juu kichwani ukizungushe kidogo kama mlango: kikizungukia katikati, pana kibyongo, punguza hapo.

Kabari

Naongezea: ukishanyoosha, pitisha randa mara moja au mbili katikati tu, usiguse ncha. Iwe na uwazi wa unene wa karatasi. Ukibana, ncha zinabanwa zaidi, na zikija kunywea kwanza zina akiba.

Mzee wa Randa

Hiyo ni kweli, ila ni unene wa karatasi. Namjua huyu, atasoma "uwazi katikati" aturudishie milimita 2.

vumbi_la_msasa

Wazee wangu, kazi ya siku tatu kwa ufa wa sentimita 45? Epoksi ipo. Inajaza uwazi, inashika hata palipo na gundi kavu. Mnamtesa kijana.

Mzee wa Randa

Epoksi nakubali ina kazi yake. Meza ingekuwa haikatiki, ina nakshi au ni kitu cha kale, ningemwambia akwangue gundi yote iliyokauka mpaka aone mbao, kisha atie epoksi, akiwa ameshalegeza skrubu. Hii ni mbao 6 bapa na mwenyewe yuko hai. Kwa nini aishi na mstari wa plastiki katikati ya meza?

FundiWaJumapili

Nimeamua kukata. Tatizo zile klampu ndefu sinazo tena, nilizonazo mbili hazifiki sentimita 80.

Kabari

Jina langu si la bure. Tafuta ubao mpana kuliko meza, au hata mlango wa zamani. Funga kipande cha mbao kwa skrubu upande mmoja, weka meza, funga kingine upande wa pili ukiacha nafasi ya sentimita 4 hivi. Kwenye nafasi hiyo ingiza kabari mbilimbili zinazotazamana, kila sentimita 25, uzigonge kwa nyundo kwa zamu. Zinabana kuliko unavyodhani. Juu katiza vibao viwili vitatu vilivyonyooka na kuvibana kwa hizo klampu fupi na vitu vizito, uso usinyanyuke katikati kama paa la nyumba. Kila kibao kinachogusa mstari wa gundi, kivishe nailoni.

Fanya kwanza bila gundi. Yote, mpaka kabari ya mwisho. Gundi nyeupe inakupa dakika 5 hadi 10, si muda wa kutafuta nyundo.

FundiWaJumapili

Wakuu, narudi baada ya siku kumi na mbili. Kaeni mkao.

Skrubu. Nilianza kuzitoa moja moja, na nilipofika ya nane meza ikatoa mlio, sijagusa kitu kingine chochote. Nikainama kuangalia: ule ufa umejifunga wenyewe, umebaki nusu yake. Miezi yote hii nimekuwa nikipigana na skrubu zangu mwenyewe. Ubaya ni kwamba ulijifunga ukaibana sarafu. Ilibidi nigonge kabari nyembamba ili ufunguke niitoe kwa koleo, mtoto kasimama pembeni anasimamia.

Msumeno nilitia meno mapya. Mkato ulitoka mweupe, na vile vijiti vikaonekana kama vidoti vitano mviringo mfululizo. Kimoja hakikuwa na gundi hata tone, kilikuwa kinazunguka kwa kidole. Nikaona aibu peke yangu.

Randa ilinichukua siku mbili. Siku ya kwanza nilikuwa natoa vumbi na vipande vifupi tu, nikagundua kisu cha randa chenyewe kinahitaji kunolewa. Nilipokinoa mpaka kikanyoa nywele za mkono, mambo yakabadilika ghafla. Nilifunga kitabu kama mzee alivyosema. Jaribio la kwanza tochi ilipenya upande wa kushoto kama jua chini ya mlango. La pili ikapenya kidogo. La tatu nilizima taa ya chumba kabisa na sikuona kitu. Ile nywele ndefu ya mwisho, mita moja na nusu na ushee, nimeitundika ukutani.

Mzee, lile tone la maji nimelijaribu. Lilizama nikihesabu mpaka nne. Kwenye kipande chakavu cha zamani chenye ukingo ulioungua lilikaa mpaka nikachoka kuliangalia.

Kubana nilifanya kavu mara mbili, na mara ya kwanza niligundua kabari zimepungua. Siku ya gundi nilipaka kingo zote mbili kwa kipande cha kadi ile ile ya benki, imeshakwisha muda wake. Nikagonga kabari kwa zamu, gundi ikatoka shanga ndogondogo mstari mzima, juu na chini. Dakika saba.

Sasa aibu ya pili. Vibao vya juu vyote nilivivisha nailoni isipokuwa cha katikati. Nimekumbuka asubuhi. Kimegandana na meza.

Mzee wa Randa

Hahaha! Karibu kwenye chama. Usikigonge kwa ubavu, utang'oa nyuzi za meza. Kipasue kwa patasi juujuu, vipande vyembamba, ukifuata nyuzi zake, mpaka ubaki utando. Huo utando upige randa, wa mwisho kabisa uukwangue.

Msasa bado usipige.

FundiWaJumapili

Kwa nini tena? Imekauka, nimeacha saa 24 nzima.

Mzee wa Randa

Gundi imekauka, mbao haijakauka. Gundi ina maji, na yale maji yameingia pande zote mbili za mstari yakavimbisha mbao kidogo pale. Ukisawazisha leo unakata uvimbe. Ukija kunywea, utabaki na kimfereji chembamba ambacho huwezi kukiona mpaka upake vanishi, kisha huwezi kuacha kukiona. Ipe siku nne tano.

Wakati unasubiri, shughulikia fremu. Yale matundu ya skrubu yageuze yawe marefu, milimita 10 hivi, yaelekee upande ambao uso unatembea, yaani kukatiza nyuzi. Weka washa, kile kipete bapa cha chuma, chini ya kichwa cha skrubu, kaza kisha legeza robo mzunguko. Zile za katikati kabisa ya upana ziache zibane kama zamani, ili uso utanuke sawa huku na huku badala ya kuhamia upande mmoja. Na chini nako paka vanishi! Watu wanapaka juu mikono mitatu, chini wanaacha uchi, upande mmoja unakunywa unyevu na mwingine haunywi, halafu wanashangaa ubao umepinda.

FundiWaJumapili

Mzee umejuaje kuwa chini sikupaka?

Kabari

Hakuna anayepaka chini meza ya kwanza.

FundiWaJumapili

Sasa imesimama. Nimepaka juu na chini. Ukipitisha ukucha kwenye yale maungio huyapati, macho yanayapata kwa sababu tu mistari ya mbao haiendelei.

Ila nina moja la mwisho. Leo mwanga wa dirisha umepiga kwa ubavu nikaona kitu kati ya ubao wa kwanza na wa pili, kichwani. Mstari mwembamba kama unywele, sentimita 6. Tochi haipenyi, karatasi haiingii. Maungio hayo nayo nilipasua kwa msumeno uleule butu. Nikate sasa hivi?

Mzee wa Randa

Usiuguse. Usitie gundi hata tone. Chukua penseli, weka alama ndogo pale mstari unapoishia, kwa chini ambako hakuonekani, andika na tarehe. Huenda ni zile skrubu zilianza kuuvuta na sasa utatulia. Majira yakibadilika angalia tena. Ukivuka alama, unajua pa kukata na unajua namna.

FundiWaJumapili

Nimeweka alama mzee. Mtoto amenikuta nimelala chini ya meza na penseli, naye akataka kuandika jina lake pembeni ya tarehe. Ameandika, na herufi moja ameigeuza nyuma mbele.

vumbi_la_msasa

Mkuu, hiyo randa ndefu unaweza kuniazima?